Kwa Nini Nguo Kuukuu Hazirudi Kuwa Uzi

Hatima ya nguo kuukuu huamuliwa kabla haijashonwa, pale mtengenezaji anapochagua uzi. Vazi la pamba tupu, la sufu tupu au la poliesta tupu linaweza, kwa gharama fulani, kuchambuliwa na kurudishwa kuwa malighafi. Vazi lililochanganya pamba na poliesta, likatiwa spandeksi ili livutike, kisha zipu, vifungo vya chuma na bitana ya naironi, ni gumu mno kurejelezwa hata likiwa bado linang'aa dukani. Wakfu wa Ellen MacArthur wa Uingereza ulikadiria mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi inayotumika kutengeneza nguo duniani hurudi kuwa nguo mpya. Vyuma, karatasi na vioo hurejelezwa kwa viwango ambavyo sekta ya mavazi haijavikaribia.

Mzigo wenyewe unazidi kukua. Mwaka 2000 dunia ilizalisha takriban tani milioni 58 za nyuzinyuzi za kila aina, za mashambani, za mifugo na za viwandani. Mwaka 2023 zilikuwa tani milioni 124. Watu hawakuongezeka maradufu katika kipindi hicho. Kilichoongezeka ni idadi ya nguo anazonunua mtu mmoja, hasa katika nchi tajiri, na wepesi wa kuziacha baada ya kuvaliwa mara chache. Ongezeko hilo limebebwa zaidi na poliesta, uzi unaotokana na mafuta ya petroli uliogunduliwa mwaka 1941 na wanakemia wawili wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Poliesta haihitaji shamba wala mvua, haikunjamani ovyo, hukauka upesi, na zaidi ya yote ni rahisi kwa bei. Leo inachukua zaidi ya nusu ya nyuzinyuzi zote duniani, na pamba imebaki na takriban sehemu moja kwa tano.

Kila aina ina madhara yake. Pamba inayomwagiliwa hunywa maji mengi, na mfano mchungu zaidi ni Bahari ya Aral, ziwa lililo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti ilielekeza maji ya mito Amu Darya na Syr Darya kwenye mashamba ya pamba, na ziwa hilo, lililokuwa miongoni mwa makubwa duniani, likakauka karibu lote. Mji wa Moynaq, uliokuwa bandari ya wavuvi, sasa uko jangwani. Hata hivyo si haki kuihukumu pamba yote kwa kosa hilo. Pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza hutegemea mvua, na wilayani Meatu wako wakulima wanaoilima bila mbolea wala dawa za viwandani tangu miaka ya 1990. Poliesta kwa upande wake haiozi. Kila inapofuliwa huachia vijinyuzi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupita kwenye mabomba ya maji machafu na kuishia mitoni na baharini. Aina zote mbili hukutana katika hatua ileile ya kupaushwa na kutiwa rangi, ambayo hula maji, joto na kemikali kwa wingi, na katika nchi nyingi maji yake machafu humwagwa mtoni bila kusafishwa vya kutosha.

Urejelezaji wa nguo si jambo jipya. Kwa karne nyingi karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, mpaka massa ya miti yalipochukua nafasi hiyo katika karne ya 19. Mwaka 1813, katika mji wa Batley huko Yorkshire, Benjamin Law alibuni namna ya kuchana matambara ya sufu, kuyachanganya na sufu mpya na kusokota uzi tena. Batley na mji jirani wa Dewsbury zikawa ngome za biashara hiyo, zikipokea matambara kutoka nchi nyingi na kutoa makoti, blanketi na sare za askari.

Prato, mji wa Italia karibu na Firenze, uliichukua kazi hiyo katikati ya karne ya 19 na bado unaifanya. Ustadi wake mkubwa umo katika kuchambua. Wachambuzi wazoefu hushika sweta au koti na kutambua kwa vidole ni sufu ya namna gani, kisha huyapanga mavazi kwa rangi, na ndani ya rangi moja huzitenganisha hata tofauti ndogo za wekundu au ubuluu. Sufu iliyopangwa hivyo husokotwa kuwa uzi wenye rangi ileile iliyokuwa nayo, bila kutiwa rangi upya. Maji, kemikali na nishati ya hatua iliyo chafu kuliko zote huwa vimeokolewa. Prato pia ilirithi mbinu ya kale ya kukabili michanganyiko: matambara ya sufu yaliyochanganyika na pamba hutiwa tindikali, kisha hupashwa moto, pamba huungua na kuwa vumbi, sufu ikabaki. Pamba hupotea, lakini angalau sufu huokoka.

Panipat, katika jimbo la Haryana nchini India, ndio mji mwingine mkubwa wa kazi hii. Makoti na sweta kutoka nchi za baridi hukatwakatwa huko, huchanwa na kufumwa kuwa blanketi za bei nafuu. Nyingi zimekuwa zikinunuliwa na mashirika ya misaada kwa ajili ya wakimbizi na watu waliokumbwa na mafuriko au matetemeko. Mtu aliyewahi kupewa blanketi la kijivu, zito na lenye kukwaruza kambini, huenda alijifunika sweta kadhaa za watu wasiojuana. Siku hizi soko la Panipat limebanwa na blanketi mpya za poliesta, ambazo ni laini zaidi na bei yake imeshuka mno.

Mashine za miji hiyo zina kikomo ambacho hakuna ustadi unaoweza kukivuka. Nguo huondolewa vifungo na zipu, hukatwa vipande, kisha hupitishwa kwenye magurudumu yenye meno ya chuma yanayoifumua mpaka irudi kuwa nyuzinyuzi. Meno hayo hukata. Unyuzi wa pamba ya kawaida una urefu wa milimita 25 hadi 30, na urefu huo ndio unaoziwezesha nyuzinyuzi kushikana zinaposokotwa. Ukitoka kwenye mashine umepungua sana, na nyuzinyuzi fupi hutoa uzi dhaifu unaokatika kwenye kitanda cha kufumia. Kwa hiyo pamba iliyorejelezwa lazima iongezewe pamba mpya au poliesta. Ikiongezewa poliesta, nguo itakayopatikana haitarejelezwa kwa urahisi mara ya pili. Pamba isiyofaa kabisa kusokotwa huenda kujaza magodoro na viti vya magari, au kufyonza sauti katika kuta za nyumba. Hayo ni matumizi ya maana, ila ni kituo cha mwisho. Hakuna godoro linalorudi kuwa shati.

Mabaki ya kiwandani yana bahati zaidi. Kila kitambaa kinapokatwa kufuata umbo la vazi, vipande vya pembeni hubaki, na vipande hivyo ni safi, havijavaliwa, na mwenye kiwanda anajua vimetengenezwa kwa nini. Huko Bangladesh mabaki ya viwanda vya Dhaka yana biashara kamili, na sehemu yake kubwa huuzwa India kusokotwa upya. Kwa pamba, ni rahisi zaidi kurejeleza kitambaa ambacho hakijawahi kuwa vazi.

Nguo nyingi za poliesta zinazouzwa zikiwa na lebo ya kurejelezwa zinahitaji maelezo, kwa sababu hapo mnunuzi hupotoshwa bila kujua. Karibu poliesta yote ya namna hiyo haikutokana na nguo. Imetokana na chupa za plastiki za maji na soda, ambazo zimetengenezwa kwa kemikali ileile. Chupa husagwa, huyeyushwa na kuvutwa kuwa uzi. Chupa, hata hivyo, ingeweza kurejelezwa kuwa chupa tena na tena, wakati fulana iliyotokana nayo, hasa ikichanganywa na pamba, kwa kawaida huishia jalalani. Matangazo yanayoisifu fulana hiyo kuwa suluhisho la taka za nguo hayasemi kweli yote.

Matumaini makubwa ya wanasayansi yako kwenye kemia. Badala ya kuchana nguo kwa meno, huiyeyusha mpaka irudi kwenye viini vyake vya awali. Poliesta inaweza kuvunjwa kuwa kemikali zilizoiunda na kuunganishwa upya, ikatoka na ubora wa poliesta mpya. Pamba inaweza kuyeyushwa kuwa massa, yakasokotwa kuwa uzi wa viskosi au wa jamii yake. Hata michanganyiko imeanza kupatiwa dawa: taasisi ya utafiti wa nguo na mavazi ya Hong Kong imeunda mashine inayotumia maji, joto, mgandamizo na tindikali kidogo kama ile ya ndimu, ambayo huigeuza pamba kuwa unga na kuiacha poliesta ikiwa nzima.

Tatizo la kemia limekuwa fedha. Kampuni ya Renewcell ya Uswidi ilifungua kiwanda kikubwa Sundsvall mwaka 2022 cha kugeuza jinzi na fulana za pamba kuwa massa. Teknolojia yake ilifanya kazi, na majina makubwa ya mitindo yalijitokeza hadharani kuiunga mkono. Maagizo hayakutosha. Februari 2024 kampuni hiyo ilifilisika, na baadaye mwaka huohuo ikanunuliwa na kupewa jina la Circulose. Kisa hicho kinafundisha jambo moja la kibiashara: uzi uliorejelezwa ni ghali kuliko uzi mpya, na hakuna mshindani atakayekubali kuwa wa kwanza kulipa zaidi kwa hiari yake.

Kwa kuwa kuirudisha nguo kuwa uzi ni kazi ngumu na isiyolipa, njia iliyobeba mzigo mkubwa ni ya zamani zaidi: kumpa mtu mwingine aivae. Nguo zinazotolewa sadaka Ulaya na Marekani haziishii zote kwenye maduka ya hisani ya huko. Nyingi huuzwa kwa kilo kwa makampuni ya uchambuzi, ambayo baadhi yako Poland, Falme za Kiarabu, Pakistan na India. Huko hupangwa kwa aina na daraja, hukandamizwa kuwa marobota, mara nyingi ya kilo 45, na kupakiwa melini. Mwaka 2019 Kenya peke yake iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Tanzania, Uganda na Kongo nazo ni wateja wa siku nyingi. Kwa upande wa Tanzania biashara hiyo ilistawi baada ya milango ya uchumi kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi.

Kimazingira, shati linalovaliwa na mtu wa pili limefanya kazi ambayo mashati mawili yangefanya. Hakuna mashine ya Prato wala ya Sundsvall inayofikia ufanisi huo, na wauza mitumba, mafundi cherehani wanaopunguza suruali na wapiga pasi wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa warejelezaji wakubwa wa nguo duniani. Nguo nene za majira ya baridi hugeuzwa kuwa mavazi ya watoto. Shuka hukatwa kuwa mapazia. Matambara ya pamba huuzwa kwa mafundi wa gereji kufutia oili.

Lakini mfanyabiashara hununua robota likiwa limefungwa. Hajui kilichomo mpaka alikate mikanda, na kilichomo hakitegemei juhudi zake. Wachuuzi wa Nairobi wana majina ya madaraja hayo: kamera ni zile nguo bora zinazochukuliwa kwanza, na fagia ni zile za mwisho, zinazouzwa kwa mafungu ya bei ya kutupa. Kadiri nguo za bei rahisi zinavyotawala maduka ya Ulaya, ndivyo fagia inavyoongezeka ndani ya robota. Shirika la Changing Markets lilidai katika ripoti ya mwaka 2023 kwamba zaidi ya nguo moja kati ya tatu zinazopelekwa Kenya ni za plastiki na za ubora hafifu mno. Wawakilishi wa wafanyabiashara wamezikana hesabu za namna hiyo, wakisema hakuna anayelipia kontena la takataka. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo hakuna ubishi kuhusu kinachoonekana kwenye kingo za Mto Nairobi karibu na Gikomba, wala kwenye jalala la Dandora, ambako nguo zilizokosa mnunuzi hulundikana au huchomwa moto. Poliesta inayochomwa hadharani hutoa moshi wenye sumu kwa wanaoishi jirani. Hali kama hiyo ipo Accra, kandokando ya soko la Kantamanto, na katika jangwa la Atacama huko Chile, ambako vilima vya nguo vimeonekana nje ya mji wa Alto Hospicio.

Nchi za Afrika Mashariki zilijaribu kuikata biashara hiyo kwa sababu nyingine, ya viwanda. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kufufua viwanda vya nguo. Marekani ilitishia kuziondoa nchi hizo katika mpango wa AGOA ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilisimama na uamuzi wake, ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 mavazi yake yakapoteza nafasi hiyo ya soko la Marekani.

Ni kweli kwamba mitumba iliviumiza viwanda kama Urafiki cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, au Kicomi cha Kisumu. Haikuwa peke yake. Umeme wa kukatikakatika, mashine zilizochakaa, mikopo ya riba kubwa na vitambaa vipya vya bei nafuu kutoka Asia vilichangia, na mpaka leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa ikiwa ghafi. Kwa mtazamo wa mazingira, kuzuia mitumba bila kuwa na nguo za pamba zinazotengenezwa nyumbani huacha nafasi ambayo hujazwa na nguo mpya za poliesta zinazodumu muda mfupi zaidi.

Mfano bora wa vazi linaloweza kutumika mpaka mwisho uko Pwani. Khanga ya pamba ni kipande cha mstatili. Haikatwi kufuata umbo la mwili, kwa hiyo haina mabaki. Haina zipu, haina bitana, haina uzi wa kuvutika. Ikiwa mpya hutoka nayo mtu kwenye shughuli. Ikizoeleka huvaliwa nyumbani na jikoni, hubebea mtoto, hufunika chakula. Ikilainika kabisa huwa winda wa mtoto mchanga, kisha tambara la kudekia, na mwisho wake ni udongo, ambamo huoza. Uwezo huo wote umo katika uzi wake. Khanga na vitenge vya poliesta ambavyo sasa vimejaa madukani haviwezi kuufuata mkondo huo: havifyonzi maji, hivyo havifai kuwa winda wala tambara, na vikitupwa hubaki kama vilivyo. Mnunuzi anaweza kuvitambua kwa kunyunyizia matone ya maji, kwani pamba huyanywa upesi na poliesta huyaacha yakiteleza.

Kurefusha maisha ya nguo ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwa sasa. Shirika la WRAP la Uingereza lilikadiria kwamba nguo ikitumika miezi tisa zaidi, madhara yake kwa hewa, maji na taka hupungua kwa asilimia 20 hadi 30. Fundi anayetia kiraka au kubadilisha zipu kwa bei ndogo anafanya kazi hiyo kila siku, na ni wa kawaida kila mtaa wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura. Huko Ulaya mafundi hao wamepungua na ujira wao mara nyingi huzidi bei ya nguo mpya, kiasi kwamba serikali ya Ufaransa imeanza kuwapunguzia wananchi gharama za kurekebisha nguo na viatu.

Ufaransa pia ndiyo iliyotangulia kwa sheria. Tangu mwaka 2007 inawataka wanaoingiza nguo sokoni wachangie gharama za kuzikusanya na kuzichambua zinapochakaa. Umoja wa Ulaya umefuata: kuanzia 1 Januari 2025 nchi wanachama zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine, na utaratibu wa watengenezaji kulipa ada unapanuliwa kwa nchi zote. Makampuni makubwa nayo yanakatazwa kuharibu nguo mpya zilizokosa wanunuzi. Hatua hizi ni njema, na zina upungufu mmoja mkubwa. Nguo nyingi zaidi zitakusanywa, viwanda vya kuzirejeleza bado ni vichache, na nyingi zitaendelea kupakiwa marobota kuja Afrika na Asia, huku ada iliyolipwa kwa ajili yake ikibaki kwa kiasi kikubwa katika nchi ilikokusanywa. Serikali ya Kaunti ya Nairobi au Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, inayolazimika kuzoa nguo zilizoshindwa kuuzika, haipati chochote katika fedha hizo. Serikali za Afrika Mashariki zina kila sababu ya kudai mambo mawili katika mazungumzo yao ya biashara na Ulaya: marobota yachambuliwe kwa uaminifu kabla ya kupakiwa, na sehemu ya ada hiyo iletwe kujenga mitambo ya kuchambua na kurejeleza nguo huku zinakoishia.